Mkono Uliozoea Muhuri

Miaka thelathini na moja nimegonga mihuri
mahakama ya wilaya, Tukuyu, dirisha la pili.
Hati ya kiapo, pa! Nakala halisi, pa!
Shauri la ng'ombe, shauri la mpaka wa migomba, pa!
Hakimu mmoja alisema ananisikia
hadi chumbani kwake, mlango umefungwa.

Kwa hiyo jioni ya kwanza mbele ya piano ya usharika
niligonga.

Subilaga hakucheka. Ana miaka ishirini na sita;
kesi ya urithi ya babu yake niliisajili mimi
kabla yeye hajazaliwa.
Alifunga mfuniko taratibu kama anayefunika chungu,
akasema: Mzee Anyosisye, hapa hakuna mshitakiwa.

Kisha akaweka kiganja chake chini ya mkono wangu.
"Niachie uzito wote."
Nikaachia.
"Bado umeushika."
Kweli, nilikuwa nimeushika, tangu lini sijui.
Bega limepanda hadi karibu na sikio
kama la mtu aliyesahau mwamvuli,
na huku kwetu mvua haiombi ruhusa,
mabega ya mji mzima yamepotea njia ya kushuka.

Wiki tatu sikujifunza wimbo, nilijifunza kushuka.
Kuketi nusu ya mbele ya stuli, nyayo zote sakafuni,
gunia lililokunjwa chini yangu
mpaka kiwiko kilingane na vibao.
Kiganja kimefunika kifaranga:
apumue, asitoroke.
Kidole hakipigi, kidole hutua,
na mkono mzima hukifuata nyuma
kama mkungu unaoshushwa kwa mikono miwili,
si ule uliokatwa ukajiangukia.

Nikaiba mazoezi. Saa mbili mfululizo, usiku,
peke yangu na balbu ya wati arobaini
inayowaka tumboni mwa piano kufukuza unyevu.
Asubuhi kidole cha mwisho kina ganzi.
Nikampelekea Subilaga ganzi yangu
kama mtoto anayeonyesha kovu.
"Maumivu si ada ya mahakama," alisema,
"hayakatiwi risiti.
Dakika ishirini, halafu simama, katazame mvua."

Nimeitazama mvua sana mwaka huu.

Juni, baridi ikauma, nikashika kikombe cha chai
dakika tano kabla ya kugusa chochote.
Fa ya katikati ilivimba, ikawa inakwama;
fundi wa Mbeya anakuja tangu Pasaka.
Nikajifunza kuinyanyua kwa ncha ya kidole nikipita,
kama unavyomgusa shahidi aliyesinzia.

Sikukuu ya mavuno. Madhabahuni mikungu, viazi,
jogoo amefungwa miguu, ananiangalia kwa jicho moja.
Tumpe wangu benchi la tatu.
Subilaga alishaniambia:
isikie noti ya kwanza kabla hujaicheza;
hofu ikija, toa pumzi, usiivute;
ukikosea, uso wako usitoe ushahidi dhidi yako.

Ubeti wa pili nikakosea.
Mkono wa kushoto ulibisha hodi nyumba ya jirani,
na jogoo, naapa, alijua.
Zamani ningesimama, nifute, nianze upya,
nitafute muhuri wa BATILI.
Nikatoa pumzi. Nikaenda.
Fa ikakwama, nikainyanyua, nikaenda.

Njiani kurudi Tumpe hakutaja muziki.
Alisema tu, akikwepa dimbwi:
"Sikujua una shingo."

Jumatatu niligonga muhuri wa kwanza kwa upole,
kidole kikitua, mkono ukifuata.
Alhamisi hati ikarudishwa kutoka Mbeya:
muhuri hausomeki.

Nikaugonga upya, pa!
Bega likapanda.
Nikaliona likipanda.